Sukari ya mimba: usisubiri dalili, anza na mizani

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, ukimwambia mama "umenenepa", anacheka na kukushukuru. Ni salamu. Maana yake bwana anamchunga vizuri, chakula kipo, magonjwa yako mbali. Kwa hiyo siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, mama mjamzito akipanda kwenye mizani, sisi wakunga pamoja na wamama waliokaa kwenye benchi tunaangalia jambo moja tu: namba imepanda? Imepanda. Andika kwenye fishi, ile kadi yake, mwingine apite.

Nami nilifanya hivyo miaka mingi, hadi usiku alipokuja kuzaa mama wa mimba ya tatu. Kichwa kilitoka, mabega yakagoma. Tulimkunja magoti hadi kifuani, mwenzangu akabonyeza juu ya kinena, na zile dakika chache zilikuwa ndefu kuliko usiku wenyewe. Mtoto alitoka na kilo 4.9. Alilia, namshukuru Mungu, ila mkono wake wa kulia ulilala miezi minne kabla ya kuanza kuinuka. Asubuhi nilifungua fishi ya mama yake. Maandishi yalikuwa yangu. Kilo 91 mwezi wa tano, kisha 94, kisha 98, kisha 101. Uzito wa mtoto wa mimba ya pili, kilo 4.3, nao umeandikwa. Mahali pa kipimo cha sukari pamebaki patupu.

Nayaandika haya kwa mama mwenye mimba au anayeitafuta, na kwa bwana yake pia, maana mara nyingi yeye ndiye anayefungua mfuko siku ya kipimo.

Kinachotokea mwilini

Umewaona wamama wabebaji wanaopandisha magunia toka ziwani mpaka soko la Kadutu, kamba kwenye paji la uso. Insulini inafanya kazi yao. Chakula kikishasagwa tumboni, sukari yake inamwagwa kwenye damu kama mzigo unaoshushwa bandarini, na insulini inaichukua na kuiingiza kwenye misuli na ini, nyumba kwa nyumba. Kuanzia karibu wiki ya 20 ya mimba, kondo la nyuma linatoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mzito kuisikia insulini. Halikosei. Linataka sukari ikae barabarani muda mrefu kidogo ili mtoto apate sehemu yake. Mwili wa mama unajibu kwa kuongeza wabebaji, hata mara mbili au tatu ya kawaida, na kwa wamama wengi wanatosha.

Sasa mama aliyeanza mimba akiwa na mafuta mengi mwilini, hasa kiunoni na tumboni, njia yake ilikuwa na matope tangu zamani. Wabebaji wake walikuwa wanahema kabla mimba haijaingia. Kondo likiongeza mlima, mizigo inabaki barabarani. Hiyo ndiyo sukari ya mimba.

Sukari inavuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, nayo inamnenepesha mabega na tumbo. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla huku insulini ya mtoto bado ni nyingi, na sukari yake inaweza kuanguka vibaya katika saa za kwanza. Kwa upande wa mama kuna hatari ya kupasuliwa, na ya tansio ya mimba, yaani shinikizo la damu, inayoleta degedege.

Uzito unahesabika kiasi gani? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2007, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba mama mwenye uzito uliozidi ana hatari takriban mara mbili ya mwenye uzito wa wastani, mwenye unene uliopita kiasi karibu mara nne, na mwenye unene mkubwa sana karibu mara nane. Lakini mwembamba asilale usingizi: nimewaona wenye shingo za korongo wakipata sukari ya mimba kwa sababu baba au mama zao wana ugonjwa wa sukari. Mizani inakuambia nani aharakishe kupima. Haina cheti cha kumsamehe mtu.

Hatua ya 1: tafuta namba yako ya kwanza

Namba yenye maana kuliko zote ni kilo ulizokuwa nazo kabla ya mimba, au kabla ya wiki ya 12. Na hapo ndipo tunapokosea wengi, kwa sababu tunakuja CPN ya kwanza mwezi wa tano, mimba ikiwa imeshajionyesha na hatuna tena la kuficha. Mwezi wa tano mizani inapima vitu vingi kwa pamoja: wewe, mtoto, maji, damu iliyoongezeka. Ukiikosa hedhi mara mbili, njoo. Hakuna atakayetangaza sokoni. Kama umeshachelewa, tafuta fishi ya mimba iliyopita au karatasi yoyote ya hospitali yenye uzito wako, ulete na hiyo.

Namna ya kupima si jambo dogo. Juzi mama alipanda na viatu, mwavuli mkononi, simu mbili, pesa za likelemba zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe na juu yake koti la mvua. Nikamwomba ashushe vyote. Kilo mbili na gramu mia tatu zikaenda pembeni. Mwezi ujao angekuja na ndara tu, tungesema amekonda, tungeanza kumtafutia ugonjwa asio nao. Pima bila viatu, nguo nyepesi, mizani ileile kila mara, na sindano iwe kwenye sifuri kabla hujapanda.

Urefu nao una ujanja wake. Simama visigino ukutani, macho mbele, na anayepima abonyeze nywele. Wenye meshi zilizorundikwa juu wanajiongezea sentimita sita hivi, na sentimita sita zinaweza kumtoa mtu kwenye kundi la hatari kwa karatasi peke yake.

Hatua ya 2: piga hesabu

Wauguzi wanaiita IMC, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu wako. Chukua simu, fungua kikokotoo, andika kilo zako, gawanya kwa urefu wako katika mita, halafu gawanya tena kwa urefu uleule. Mama wa kilo 78 na mita 1.60: 78 gawanya 1.60 ni 48.75, gawanya tena 1.60 inatoka 30.5.

Chini ya 18.5 ni wembamba uliozidi. Kati ya 18.5 na 24.9 ni wastani. Toka 25 hadi 29.9 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kiwango cha ugonjwa, hata kama bwana anaupenda.

Andika namba hiyo kwenye jalada la fishi yako kwa kalamu ya bluu, kubwa. Mkunga atakayekuja zamu nyingine aione bila kuitafuta.

Hatua ya 3: jua unaruhusiwa kupanda kilo ngapi

Mapendekezo yanayotumika sehemu nyingi ni yale ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2009, kwa mimba ya mtoto mmoja. Aliyeanza na IMC chini ya 18.5 aongeze kilo 12.5 hadi 18 kwa mimba nzima. Wa wastani, 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Wa 30 na kuendelea, kilo 5 hadi 9. Kwa huyu wa mwisho maana yake ni gramu 200 na kidogo kwa wiki baada ya miezi mitatu ya kwanza, yaani chini ya kilo moja kwa mwezi. Akija na kilo tatu katika wiki nne, tuzungumze. Kilo hizo zikija ghafla pamoja na uso kuvimba, tupime kwanza tansio, kwa sababu huenda ni maji.

Na hapa nisieleweke vibaya. Mimba si wakati wa kujikondesha. Sitaki mama anayelala njaa kwa sababu amesoma maneno yangu. Mtu aliyeanza na kilo 95 hatafuti kurudi 80 akiwa na mtoto tumboni. Anatafuta kupanda polepole.

Mama wakwe watasema lile neno lao. Mmoja alinifuata mpaka mlangoni: "Mama muganga, unamukataza kula, mutoto atatoka kama panya." Nilimjibu kwa heshima, maana nikigombana na mama mkwe nimempoteza na mgonjwa: "Mama, simukatazi kula, ninamubadirishia sahani." Kula kwa watu wawili ni msemo mtamu lakini huyo mtu wa pili ana gramu chache. Miezi mitatu ya kwanza hahitaji nyongeza yoyote. Baadaye anahitaji kiasi cha kikombe cha maharagi yaliyopikwa na nusu parachichi kwa siku, na mwishoni zaidi ya hapo kidogo.

Hatua ya 4: hesabu mengine yanayovuta sukari

Weka alama kwa kila linalokuhusu: mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa wa sukari, mtoto uliyemzaa na kilo 4 au zaidi, mimba iliyofia tumboni miezi ya mwisho bila sababu kujulikana, sukari ya mimba iliyopita, miaka 35 au zaidi, hedhi za kuruka miezi pamoja na uvimbe mdogo mdogo kwenye vifuko vya mayai ya uzazi. Ukiwa na alama mojawapo, au IMC 30, omba kupimwa sukari CPN ya kwanza kabisa, usingoje. Kuna wamama ambao sukari ilikuwamo tangu kabla ya mimba na hawakujua, na hao wanahitaji daktari mapema sana.

Mtoto wa kilo 4.5 tunampiga picha na kumsifu, "mutoto wa maziwa". Sisemi usimsifu. Ila sema uzito wake kila unapoulizwa habari za mimba zako.

Hatua ya 5: omba kipimo, na uombe kipimo sahihi

Hili ndilo la kushikilia kuliko yote. Sukari ya mimba kwa kawaida haina dalili. Kiu, mkojo wa mara kwa mara, uchovu: mjamzito yupi hana hayo? Ukingoja kuugua ndipo upime, utapimwa siku ya kuzaa.

Wakati wake ni wiki ya 24 hadi 28, yaani mwezi wa sita kuingia wa saba, mlima wa kondo ukiwa umeshapanda. Aliyepimwa mwanzoni na kukutwa salama anarudia wakati huo.

Kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo hakitoshi. Figo za mjamzito zinaweza kuvujisha sukari hata damu ikiwa nzuri, na mwingine ana sukari ya mimba na mkojo wake hauonyeshi kitu. Kinadanganya pande zote mbili. Kuchomwa kidole saa yoyote, umekula au hujala, nako hakukuondolei shaka.

Kipimo chenyewe ni hiki. Usile usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji matupu yanaruhusiwa. Asubuhi unachomwa mara ya kwanza. Kisha unapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye glasi ya maji, unakunywa ndani ya dakika tano. Ni tamu ya kuchefua. Ukitapika, kipimo kimeharibika, unarudi siku nyingine. Unachomwa tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Katikati ya hapo unakaa. Usishuke kununua vocha na kupanda tena: kilima cha Bukavu kinachoma sukari na kinaharibu majibu. Beba kitabu au mshono wako.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya mimba ipo kama kabla ya kunywa ni miligramu 92 hadi 125 kwa desilita, au baada ya saa moja ni 180 na kuendelea, au baada ya saa mbili ni 153 hadi 199. Moja tu ikifika, inatosha. Ikiwa 126 au zaidi kabla ya kula, au 200 na zaidi baada ya saa mbili, huo ni ugonjwa wa sukari kamili na si wa mimba tu. Mashine nyingine zinaonyesha namba ndogo kama 5.1 au 8.5, zidisha kwa 18 upate hizi zetu.

Kituo kidogo huenda hakina unga wa glukosi. Basi omba angalau sukari ya asubuhi kabla ya kula, na kama una alama za hatua ya 4 omba barua ya kwenda hospitali kubwa, ile ya rufaa ya mkoa au Panzi. Wengi wanaijua Panzi kwa kazi nyingine ya Daktari Mukwege, ya kuwatibu wamama waliobakwa, lakini aliianzisha mwaka 1999 akifikiria kwanza wamama wanaozaa.

Kabla ya kuchomwa kidole osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Nimeshuhudia 210 ikigeuka 96 kwa kuosha tu: mama alikuwa ametoka kumenya ndizi mbivu.

Hatua ya 6: sahani

Jibu likija kwamba una sukari ya mimba, sehemu kubwa ya dawa iko jikoni. Wamama wengi wanatulia kwa chakula na miguu peke yake.

Tatizo letu la kwanza ni sahani ya pamoja. Bugali mmoja mezani, mikono sita, nani atajua amekula kiasi gani? Jipakulie yako. Nusu ya sahani iwe majani: lengalenga, sombe, kabichi, mchicha. Robo iwe maharagi, sambaza, ndagala, yai au nyama. Robo iliyobaki ni bugali, saizi ya ngumi yako iliyofungwa, na ngumi ni yako, si ya bwana. Viazi vitamu, wali, ndizi za kupika na mihogo vyote viko kwenye robo hiyohiyo. Usiviweke juu ya bugali kama mboga. Najua wanaosema bugali wa mihogo hauna sukari kwa kuwa si mtamu. Ulimi hauna maabara. Tumboni unageuka sukari kama mkate.

Sambaza ninazisifu kwa makusudi. Zililetwa Ziwa Kivu toka Tanganyika mwaka 1959 na leo ndizo nyama ya mtu asiye na pesa ya nyama. Zinaliwa na mifupa yake, hivyo kalsiamu inaingia. Zikaange kwa mafuta kidogo, au zichemshe na nyanya. Sombe nayo ni nzuri, ila yetu ya sikukuu inaogelea kwenye mawese na karanga; punguza mafuta, majani acha yajae.

Asubuhi ndiyo saa ngumu. Mwili wa mjamzito asubuhi ni mkaidi zaidi kwa insulini, na ndiyo saa tunayokunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na mkate mweupe au mandazi matatu. Jaribu maharagi ya jana yaliyopashwa moto, nusu parachichi na chai isiyo na sukari. Wiki ya kwanza utanuna. Uji wa masoso ni chakula kizuri, mahindi, soya na mtama pamoja, lakini chukua kikombe kimoja, usitie sukari, na kula yai pembeni.

Vinywaji: acha sucré, yaani soda, kabisa. Chupa ya sentilita 33 ya soda ya kawaida ina karibu gramu 35 za sukari, vijiko saba au vinane vya chai, inaingia kwenye damu kama mvua kwenye ravini. Juisi ya marakuja ya nyumbani ikitiwa sukari ni ndugu yake. Tunda zima ni afadhali, moja kwa wakati, baada ya chakula. Kasiksi ni pombe, na pombe haina kipimo salama kwa mimba.

Kula mara tatu na vitu vidogo viwili katikati, karanga kiganja kimoja, parachichi, mahindi nusu gunzi. Usiruke chakula cha mchana halafu usiku umalize sufuria.

Na maombi ya kufunga. Nasema nikiwa mwanakanisa: mama mwenye sukari ya mimba asifunge siku tatu kavu, wala moja, hasa akiwa kwenye insulini. Ongea na mchungaji mapema, mpe sababu. Wote niliowatuma kwa wachungaji wao walirudi na ruhusa, na wawili walirudi na parachichi.

Hatua ya 7: miguu

Dakika 10 hadi 15 za kutembea baada ya kila mlo zinashusha sukari ya mlo huo, kwa sababu misuli inayofanya kazi inaivuta bila kungoja insulini nyingi. Kwa wiki lenga dakika 150. Tembea mchana na mtu, tafuta kipande kilichonyooka, na msimu wa mvua njia za Kadutu zikigeuka sabuni, zunguka ndani ya lupango lako, uani kwako. Kubeba gunia la kilo 50 si mazoezi ya mjamzito. Ukiona damu, maji, kizunguzungu au tumbo linakaza kila mara, simama uje kituoni.

Hatua ya 8: kupima nyumbani, na dawa ikihitajika

Ukiweza kununua au kuazima kipimo cha kidole, malengo ni haya: chini ya 95 asubuhi kabla ya kula, chini ya 140 saa moja baada ya kuanza kula, au chini ya 120 saa mbili baadaye. Wasio na pesa ya vijikaratasi vingi vya kupimia wapime asubuhi na baada ya mlo mmoja, wakibadilisha mlo kila siku. Andika namba na ulichokula. Daftari la mama mmoja lilinifundisha kuliko semina: kila Jumapili 170, kila Jumatatu 118. Jumapili ilikuwa siku ya keki ya kwaya.

Namba zikikataa kushuka baada ya wiki moja au mbili za sahani na miguu, daktari ataongeza insulini, au metformini. Insulini haimfikii mtoto na haikufanyi mtumwa wake. Wengi wanaiacha siku ya kuzaa. Umeme ukikatika, chupa iliyofunguliwa inakaa nje ya friji karibu wiki nne mahali pa baridi pasipo jua. Chungu cha udongo chenye kitambaa chenye maji kinasaidia. Isigande barafu, na isikae karibu na mbabula, jiko la makaa.

Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi na kipimo kiko chini ya 70, koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kunywa, ngoja dakika 15, pima tena, kisha kula. Huo ndio wakati pekee ninaokupa ruhusa ya sukari ya kopo.

Usingoje kesho ukiona hivi: mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, maji yamevunjika, au kipimo kinapita 200 na hakishuki.

Hatua ya 9: kuzaa, na wiki sita baadaye

Panga mapema kuzaa mahali penye chumba cha upasuaji. Usiwe wa kubebwa usiku toka Bagira mvua inanyesha. Sukari ikiwa imetulia kwa chakula tu, kwa kawaida unafika wiki ya 39 au 40, ila usipitishe 41. Wa insulini daktari atawapangia siku. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa mbili hadi tatu, na apimwe sukari kisiginoni. Akilegea, akitetemeka, akiwa baridi au akikataa ziwa, ita mtu palepale.

Baada ya kuzaa sukari mara nyingi inarudi yenyewe, na mama naye anarudi kwenye chai ya vijiko vinne. Hapo ndipo tunapowapoteza. Mwenye historia hii ana hatari ya kupata ugonjwa wa sukari wa kudumu mara saba hadi kumi zaidi ya mwenzake. Rudia kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ili usisahau, kifunge kwenye chanjo: mtoto anachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Akichomwa paja siku mojawapo kati ya hizo mbili za kwanza, wewe unachomwa kidole. Panga na kituo mapema, uje hujala, na mfuko wako wa chakula uwe tayari. Baadaye rudia kila mwaka, usipitishe mitatu.

Nyonyesha, inasaidia kilo kushuka na inapunguza hatari yako. Kabla ya mimba nyingine ngoja angalau miaka miwili na jaribu kurudi kwenye namba ya hatua ya 1, kwa sababu kilo zinazobaki kati ya mimba na mimba zinaongeza hatari hata kwa mama ambaye safari ya kwanza alipita salama.

Karatasi ya majibu usiitupe. Ibane pamoja na karata ya chanjo ya mtoto, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya unyevu. Mimba ijayo uitoe siku ya kwanza, kabla hujavua viatu kupanda kwenye mizani.